Bakteria Wangu Hawakufika Kihanga

Ng'ombe wa mama yangu alikufa Jumatatu asubuhi, kabla hajakamuliwa. Wakati huo mimi nilikuwa maabara, safari ya siku mbili za basi kutoka nyumbani, nikiwalisha bakteria wangu sumu ya jamii ileile iliyomuua. Sikujua. Nilikuja kujua saa nne, kaka yangu mkubwa aliponipigia simu.

"Alitokwa na mapovu mdomoni kama aliyelishwa sabuni," alisema. "Machozi yanamtiririka, miguu yote minne inatetemeka. Akalala ubavu. Hakuinuka tena."

"Alikuwa amefungwa wapi?"

"Alikata kamba. Tulimkuta nyuma ya stoo."

Nilivua glavu nikakaa chini. Stoo hiyo niliijua tangu utoto. Ni jengo la matofali lililo mpakani mwa kibanja chetu, shamba letu la migomba pale kijijini Kihanga, ambamo wakulima wa kahawa walikuwa wakihifadhi magunia yao na mapipa ya dawa ya kuua wadudu. Ushirika ulipolegea watu waliacha kuja. Upepo uliondoka na mabati ya upande mmoja, mvua ikaingia, mapipa yakapata kutu yakavuja. Baadaye lilikuja lori likayachukua mapipa, na kila mtu akasema sasa pamesafishwa. Udongo hakuna aliyeuchukua. Sisi watoto tulikuwa tukicheza pale, na kulikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza ambayo tuliizoea hata tukaiita harufu ya stoo, kama vile kila stoo duniani inanuka hivyo.

Kilichoniudhi zaidi siku ile ni kwamba dawa ya ugonjwa huo nilikuwa nimeishika mkononi. Sizungumzii dawa ya ng'ombe. Nazungumzia dawa ya udongo.

Nieleze kazi yangu kwa ufupi. Kwenye udongo wa kila shamba wamo bakteria wasiohesabika, na wengi wao hawana ugomvi na mtu. Sisi pale chuoni tulimchukua mmoja wa hao wapole, tukampandikizia jeni ya bakteria mwingine, ile inayomwezesha kutengeneza kimeng'enya kinachoikata ile sumu ya zamani ya kahawa vipande viwili. Kimeng'enya hicho kinafanya kazi kama mkasi. Sumu ikishakatwa haiwezi tena kushika mishipa ya fahamu ya ng'ombe wala ya binadamu. Miaka kadhaa ya maisha yangu iliishia kwenye mkasi huo. Wenzangu waliolewa na kujenga, mimi nikawa napima chupa.

Nilipanda basi wiki ileile. Mama nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha jiko akimenya ndizi, na zizi liko wazi nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona aliyekwisha kuzikwa?"

"Nimekuja kuchukua udongo."

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Kesho yake nilivaa glavu, barakoa na mabuti, nikachimba nyuma ya stoo huku majirani wakiwa wamesimama mbali wakicheka kidogo. Mama hakucheka. Kwa miaka yote alikuwa ameotesha maharage hatua chache kutoka pale, akiyapalilia kwa mikono mitupu, na sasa alikuwa anamwona binti yake aliyesoma akiogopa kuugusa udongo huo. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Aliyang'oa maharage yote mwenyewe siku ileile, akayachimbia shimo.

Udongo ule niliurudisha maabara. Tuliweka sehemu moja na bakteria wetu, sehemu nyingine bila wao. Siku ya tatu mashine ilichora mistari. Ule udongo usio na bakteria ulitoa mlima mrefu wa sumu. Ule wenye bakteria ulitoa kichuguu kidogo ambacho ungeweza kudhani ni mkono uliotetemeka. Nilipiga kelele peke yangu chumba kizima. Nilimpigia mama nikamwambia tumepata, wanaila, wanaimaliza.

"Basi walete," alisema.

Walete. Neno jepesi kama kuleta chumvi. Msimamizi wangu, mzee mtaratibu aliyenifundisha kushika kila kitu kwa mikono miwili, aliitazama ile karatasi akatabasamu, kisha akanirudishia.

"Vizuri sana," alisema. "Ndani ya chupa."

Alikuwa na maana kwamba kiumbe aliyebadilishwa jeni hatoki nje ya maabara bila kibali, na kibali hakitolewi kwa sababu ng'ombe wa mama yako amekufa. Niliyajua hayo. Nilianza kujaza fomu. Ya kwanza ilirudi kwa kuwa sikuambatanisha ramani ya eneo. Nikaichora ramani. Ikarudi kwa kuwa ramani haikuwa na mhuri wa wilaya. Nikaenda Kayanga, makao ya wilaya, kutafuta mhuri, nikaambiwa mhusika yuko ziarani. Nikarudi wiki nyingine, nikaambiwa ramani ni sawa lakini inahitajika barua ya kuonyesha maji ya mvua yanaelekea wapi. Kila barua ilikuwa inadai barua nyingine. Nilifika mahali nikawa naota nimegongewa mhuri kwenye paji la uso.

Ofisa niliyemkuta hatimaye alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kuongea polepole na kukupa kiti kabla hujakiomba. Ningependa kusema alikuwa mzembe, ningepata wa kumlaumu. Hakuwa mzembe. Aliyasoma maelezo yangu yote mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari.

"Dada, mimi hiki kitu sikikatai," alisema. "Nina swali moja tu. Hao wadudu wako wakishaimaliza sumu, watakula nini?"

"Hawataweza kushindana na bakteria wenyeji wa udongo. Ni dhaifu. Watakufa."

"Umewaona wakifa?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Kwenye chupa."

Hakucheka. Alifunga faili taratibu. "Unaona shida yangu? Mimi nitasaini kwamba watakufa Kihanga, na mimi sijawaona wakifa hata hapa mezani. Kalete kwanza ridhaa ya wanakijiji. Wakikubali wao, nitakusaidia kuisukuma huko juu."

Nilitoka nje nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti. Ng'ambo ya barabara, karibu na stendi, kulikuwa na duka la pembejeo. Mwuzaji alikuwa anamimina dawa ya kuua wadudu kutoka kwenye chombo kikubwa kwenda kwenye chupa za soda, chupa baada ya chupa, bila glavu, bila lebo. Mzee mmoja alipokea yake akaitumbukiza kwenye mfuko wenye mkate na sukari, akapanda bodaboda akaondoka. Hakuna aliyemuuliza ramani. Hakuna aliyemuuliza maji ya mvua yanaelekea wapi. Nilisimama pale nikitaka kurudi ofisini nimshike yule ofisa mkono nimlete dirishani atazame. Sikurudi. Nilijua angeniambia kwamba duka lile lina ofisi yake nyingine inayolihusu, na angekuwa anasema kweli.

Basi nikatafuta ridhaa. Mwenyekiti wa kijiji alikubali niitishe mkutano Jumapili baada ya ibada, ndani ya darasa la shule ya msingi. Nilijiandaa kama bibi harusi. Kwa kuwa sikuruhusiwa kubeba bakteria hai, nilibeba kimeng'enya peke yake, ule mkasi wenyewe, umekaushwa ukawa unga mweupe ndani ya kichupa. Unga hauna uhai, hauzaliani, hauvunji sheria yoyote. Nilibeba pia maji niliyoyachuja kutoka kwenye udongo wa stoo, yamefungwa ndani ya chupa ya kioo yenye kizibo kigumu. Niliwaza kwamba watu wakiona kwa macho yao, maneno hayatahitajika.

Darasa lilijaa hadi madirishani. Wanaume walikaa nyuma, kina mama mbele na watoto wao mapajani, mama yangu akiwa safu ya pili na kitenge chake cha kanisani. Niliwaeleza stoo, mapipa, ng'ombe. Waliitikia kwa vichwa. Kisha nikavaa glavu, nikainua ile chupa ya maji ambayo yalikuwa meupe kabisa, nikatia unga, nikafunga, nikatikisa.

Maji yakageuka njano.

Nilikuwa nimeizoea njano hiyo. Kule maabara ni ishara ya furaha, ni rangi ya kipande kimojawapo cha sumu kikishakatwa. Nikaiinua juu kwenye mwanga wa dirisha nikitabasamu kama mjinga. Kote darasani watu walivuta pumzi.

"Waitu!" alisema mama mmoja kwa mshangao. "Ndiyo imegeuka sumu sasa!"

"Hapana, hapana. Sasa ndiyo imevunjika. Hii rangi ni alama kwamba sumu imekatwa."

"Maji yalikuwa meupe, umetia unga, yamekuwa kama mkojo wa mgonjwa wa manjano," alisema mwanamume wa nyuma. "Na unasema ndiyo yamepona?"

Watu walicheka. Nilicheka nao ili nisilie. Halafu bibi mmoja aliyeolewa hapo akitokea Kyerwa, mwanamke aliyenyooka mgongo licha ya umri wake, akainua mkono akaniuliza kwa sauti ya chini iliyonyamazisha wote.

"Mwanangu, hiyo njano yenyewe, mtu akiinywa?"

Ningeweza kudanganya. Dakika ile nililiona jibu la uongo likiwa tayari mdomoni, fupi na tamu. "Asiinywe," nilisema. "Si kali kama ile ya kwanza, lakini si salama. Inatakiwa kuwe na bakteria wa pili wa kuila hiyo njano."

"Kumbe ni wawili."

"Ndiyo, bibi. Ni wawili."

"Na huyo wa pili unaye?"

"Bado tunamtafuta aliye bora."

Akashusha mkono. Hakuwa na kejeli yoyote, na hilo liliniumiza zaidi ya kicheko cha nyuma. Lakini kilichoumaliza mkutano hakikuwa njano. Kilikuwa neno ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, sikulifikiria. Kaka wa mwenyekiti alisimama akauliza, "Hawa unaowaita bakteria, ndio haohao waliotuletea mnyauko?"

Darasa lote liligeuka kunitazama.

Asiyetoka kwetu labda hajui mnyauko. Ni ugonjwa uliopita kwenye migomba yetu, majani yakawa yanakauka yakining'inia kama mwavuli uliovunjika, mkungu ukiiva kabla ya wakati na ndani umeoza. Tulikata migomba ya babu zetu kwa mikono yetu. Tulifundishwa kuchoma panga kwenye moto baada ya kila mgomba, na kuvunja ua dume kwa kijiti lisiguswe na kisu. Kuna nyumba zilizokula uji miezi na miezi huku Karagwe, mahali ambapo mtu asipokula ndizi anasema hajala. Na maofisa waliokuja kutueleza chanzo walitumia neno moja: bakteria. Kwa watu wa darasa lile, bakteria ni jina la yule aliyeingia kwenye kibanja akaangusha kila kitu.

"Ni bakteria pia, lakini wa aina nyingine," nilisema. "Bakteria ni wengi, kama ndege walivyo wengi. Kuna mwewe na kuna njiwa."

"Na wa kwako umembadilisha," alisema yule bwana. "Ulimchukua njiwa ukamtia kucha za mwewe."

Mwenyekiti aliitisha mikono. Wanaokubali: kaka yangu, mwalimu mmoja wa sayansi, na vijana watatu wanne waliosimama mlangoni. Wanaokataa walikuwa wengi hata haikuwa na haja ya kuhesabu. Nilimtafuta mama. Mikono yake ilikuwa mapajani, imeshikana. Kwa wanaokubali hakuinua. Kwa wanaokataa nao hakuinua, lakini kwangu ilikuwa sawa tu.

Tulirudi nyumbani. Aliweka sufuria la ndizi motoni, akakata vitunguu, akatia maharage ya kununua. Nilipakua nikashindwa kula.

"Mama, hukuinua mkono."

"Sikuinua."

"Ng'ombe ni wako. Udongo ni wako. Mimi ni wako."

Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Nilikata migomba mia na zaidi kwenye kibanja hiki, baba yako akiwa mgonjwa kitandani. Kila mgomba nilikuwa naujua. Ule wa karibu na choo ulipandwa ulipozaliwa wewe. Nikaukata. Ungetaka niwaambie wenzangu kwamba nina hakika? Wewe mwenyewe una hakika?"

"Nina hakika ya kwenye chupa."

Nilijisikia nikilisema, na nilitamani kuitupa ile sahani ukutani. Mama aliichukua mwenyewe mikononi mwangu, akaifunika, akaiweka kando.

Nakiri jambo moja ambalo sikulisema ofisini. Miezi iliyofuata, kila nilipofungasha kwenda nyumbani, nilikitazama kile kisahani cha bakteria ndani ya jokofu la maabara. Kingeenea kwenye pochi yangu, kati ya kitambaa na kitabu cha nyimbo. Nani angejua? Ningemwagia jioni moja nyuma ya stoo, na baada ya wiki chache ningechukua udongo nikapime, ningekuwa na mlima uliogeuka kichuguu, na ningekuwa pia mtu aliyekifanya kijiji kizima kama panya wa majaribio. Mara mbili nilikitoa jokofuni. Mara mbili nilikirudisha. Siwezi kusema ni uadilifu. Pengine ni uoga tu, au yule bibi na mkono wake.

Ombi la kibali lilirudi na ukurasa mmoja: halina ridhaa ya jamii. Ofisa wa Kayanga alinipigia mwenyewe kunipa pole. Nilimshukuru, na nikamchukia kwa dakika tano hivi.

Tulifanya kilichoruhusiwa. Mwenyekiti alikubali tuzungushie uzio eneo lile, na bwana shamba wa kata akaja kusimamia. Mimi na kaka, tumevaa kama watu wa kulina asali, tulichimba udongo wote wenye harufu tukaulundika juu ya turubai zito chini ya ule upande wa stoo wenye bati. Tukachanganya chokaa, kwa kuwa chokaa huidhoofisha sumu ya aina ile, na samadi, na majani makavu. Tukamwagia maji tukafunika. Kazi tuliwaachia bakteria wenyeji, wale ambao wamekuwa wakiishi na sumu hiyo miaka yote na baadhi yao wamejifunza kuila wenyewe, polepole, bila mkasi wa mtu. Kila wiki mbili kaka alikuwa akivaa yale mavazi akaligeuza lundo kwa koleo, na kila mara alinipigia kulalamika kwamba barakoa inamziba pumzi. Nilimwambia asiivue. Alikuwa haivui kwenye lundo, halafu anakwenda kupulizia nyanya zake shati likiwa wazi na chupa ya soda kiunoni. Tuligombana juu ya hilo mpaka mke wake akachukua simu akaikata.

Msimu ulipita, ukaja mwingine. Nilikwenda kuchukua udongo wa lundo, nikaupima. Mlima umeshuka. Haujawa kichuguu, umekuwa kilima, cha kuonekana vizuri kabisa, na kitakuwepo mwaka ujao pia. Niliiweka karatasi ile kando ya ile ya siku tatu. Sikupiga kelele. Kazi ya siku tatu, tunaifanya kwa miaka, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumnyooshea kidole nikasema huyu ndiye aliyekosea. Ofisa aliuliza swali la haki. Bibi aliuliza swali la haki. Yule bwana wa mnyauko alikumbuka alichokiona kwa macho yake. Sumu peke yake ndiyo haikuulizwa chochote tangu siku ilipoingia kijijini.

Nilimpigia mama.

"Imeisha?" aliuliza.

"Haijaisha. Imepungua, imebaki chini ya nusu."

"Nusu ya sumu ni nini?"

"Ni sumu, mama."

"Basi mwambie kaka yako aongeze samadi. Lakini sasa ya kwetu hakuna, itabidi aende kwa jirani. Na turubai limechanika upande wa juu, mvua ya juzi imeingia kidogo."

"Imeingia kwenye lundo?"

"Kidogo. Nimeweka bati juu na jiwe."

"Mama, umekwenda pale bila glavu?"

Nilisikia redio yao ikiimba kwa mbali, na mlango wa jiko ukifunguliwa.

"Nilivaa mifuko ya nailoni," alisema. "Miwili kila mkono."

Nilifunga macho. Nikamwambia anawe kwa sabuni, anawe tena, avue kanga aliyoivaa aifue peke yake, na asirudi pale mpaka nifike. Akasema amesikia. Nikafungua droo, nikaanza kuhesabu glavu za kumtumia kwa basi la kesho.